Kila Jioni Nilibonyeza Moja

Nesi aliinuka, akaufunga mlango. Hivyo ndivyo nilivyojua, kabla hajafungua mdomo.

Asubuhi ile tulikuwa wajawazito tisa kwenye benchi la kituo chetu cha afya. Wanane walionitangulia walipewa majibu yao mlango ukiwa umeegeshwa tu, wakarudi kwenye benchi na kadi zao mkononi wakitaniana. Zamu yangu ilipofika nesi akapitisha komeo, na nje soga zikakatika zote kwa pamoja. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye benchi lile nikanyamaza namna ileile, kisha nikamgusa jirani yangu kwa kiwiko: umeona huyo, kafungiwa mlango. Sasa viwiko vilikuwa vinagusana kwa ajili yangu.

"Mama," nesi alisema, "damu yako inaonyesha una maambukizi ya virusi vya UKIMWI."

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilicheka kwa sauti, nikamwambia amechanganya chupa. Nesi huyo, nitamwita Tausi, ni mama mtu mzima mwenye pengo la mbele na sauti ya taratibu, na hakubishana nami. Alichukua kipimo kingine, akanichoma kidole kingine, akakiweka kile kipande cha plastiki mezani katikati yetu. Tukakitazama kama watu wawili wanaosubiri maji ya ugali yachemke. Mistari ikatoka miwili. Nikamwomba arudie tena.

"Nitarudia ukitaka," alisema. "Lakini mwanangu, damu ni ileile."

Mimi ni fundi cherehani, na nina tabia ya kusahau sindano nguoni. Siku ile ilikuwa imechomekwa kwenye kola ya gauni, na nakumbuka niliigusagusa muda wote Tausi akiongea, kana kwamba kazi yangu kubwa maishani ni kuhakikisha sindano haijapotea. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Katika yote aliyosema nilitoka na mambo mawili. La kwanza, kidonge kimoja kila siku, saa ileile, bila kuruka. La pili, kwamba nikifanya hivyo mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kukua bila virusi. Hilo la pili nilimfanya aliseme mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshamzika mtoto wangu palepale kwenye kiti, na huyu mama ananiambia nimfukue.

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyefungiwa mlango leo asubuhi. Sina elimu ya udaktari na sitajifanya ninayo. Nitasema tu yaliyonipata, na kosa nililolifanya siku hiyohiyo, maana kosa lenyewe ndilo lililoniokoa na hadi leo sijaacha kushangaa.

Kabla sijatoka Tausi aliniomba namba ya simu. Kulikuwa na utaratibu mpya, alisema, wa kuwasaidia akina mama kama mimi. Kila siku saa moja jioni ningepata ujumbe: "Habari ya jioni mama. Leo ukoje? Bonyeza 1 kama hujambo. Bonyeza 2 kama una shida." Ukibonyeza mbili, nesi anakupigia. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa, na aliniambia umeandikwa hivyo makusudi, kwa sababu simu za vijijini zina macho mengi.

"Nipe namba ya simu unayoishika wewe mwenyewe," alisisitiza.

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Mume wangu Elia ni mfugaji wa nyuki. Yeye na wenzake wana mizinga huko Rungwa, mbali kabisa na kwetu Iramba, na akienda hukaa miezi mitatu au minne ndipo arudi na ndoo zake za asali. Mwaka ule simu yake ilidumbukia kwenye ndoo. Usinicheke, ilitokea. Ilitolewa ikiwa tamu na haikuwaka tena, kwa hiyo mara tu tulipomaliza kupanda mtama aliondoka na yangu. Nyumbani ikabaki simu moja tu, kitochi cha mama mkwe.

Mama mkwe wangu, Mama Elia, hajui kusoma. Hesabu anaijua kuliko mimi: noti, namba za simu, siku za kuku kutotoa, hakosei hata moja. Lakini herufi kwake ni mchanga uliomwagika. Ujumbe ukiingia alikuwa ananikabidhi simu: "Vero, nisomee." Na si yeye peke yake. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nilikuwa nawasomea wanawake wa nyumba nne zinazotuzunguka, habari za misiba, za harusi, za waume waliotoweka. Siri za mtaa mzima zilipitia machoni mwangu. Basi siku nilipohitaji pa kuficha ya kwangu, nikapajua mara moja mahali salama kuliko pote: kwenye simu ya mtu asiyesoma, ambaye msomaji wake ni mimi.

Nikampa Tausi namba ya mama mkwe. Akauliza kama ni simu yangu. Nikasema yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Ujumbe wa kwanza uliingia jioni hiyohiyo, mama mkwe akiwa jikoni anachambua mlenda. Akaufuta mkono kwenye kanga, akaninyooshea simu.

"Nani huyo?"

"Watu wa mtandao, mama. Wanatangaza vifurushi."

Kesho yake ukaingia tena, saa ileile. Na kesho kutwa.

"Hawa wa vifurushi, kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia hatutaki." Nikabonyeza moja mbele yake.

Alitikisa kichwa. "Watu wavumilivu hawa," alisema, akarudi kwenye mlenda wake.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Saa moja simu inalia, mama ananipa, nabonyeza moja, namrudishia, kisha naingia chumbani kumeza kidonge. Kopo la vidonge nililificha kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, nikalisindilia vipande vya vitambaa lisipige kelele. Wiki tatu za kwanza kichwa kilinizunguka mpaka nashika ukuta, na chakula kilinuka chuma. Niliota ndoto nzito za ajabu, naota nimezaa kitambaa, nakifunua na kukifunua na hakina mtoto ndani. Mama mkwe alisema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo inavyosumbua. Nikamshukuru Mungu kwa ujinga wake. Hayo ndiyo maneno niliyoyatumia moyoni, ujinga wake, na nayaandika hapa ili niaibike ipasavyo.

Siku moja katikati ya palizi nilijichoma kidole nikishona gauni la mteja, tone la damu likaangukia kwenye ukosi. Nilikurupuka kana kwamba nimemwona nyoka. Nikakata kipande kile kwa mkasi, nikakichoma moto jikoni, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikatoa weupe. Hakuna aliyekuwa ameniambia damu kwenye kitambaa inaweza kumdhuru mtu. Nilijitungia mwenyewe hofu hiyo, na wiki nzima nilishika nguo za watu kwa ncha za vidole. Jioni hiyo simu ikauliza nikoje. Nikabonyeza moja.

Kliniki nilihudhuria kila mwezi, nikijifunika kanga hadi puani. Mara ya pili nilimkuta kwenye benchi mwanamke wa kijiji cha jirani ambaye miaka miwili kabla nilimwimbia wimbo wa mafumbo kisimani, mimi na wenzangu, kwa sababu alikuwa amekonda. Alinitazama, akaelewa yote. Nilisubiri anilipe. Akasogea kidogo, akapigapiga benchi pembeni yake, akasema, "Kaa huku, huko jua litakufikia." Basi. Tulikaa pamoja saa mbili bila kuongea. Nilitamani anitukane tu.

Alizeti ilikuwa imeshakomaa na vichwa vimeinama Elia aliporudi kutoka Rungwa. Mimba ilikuwa na miezi saba na nusu. Tausi alikuwa ameniomba mara nyingi nije na mwenzangu, na nilikuwa nimejipanga kumwambia taratibu, siku ya tatu au ya nne, akiwa ameshiba. Nikamwambia siku ya kwanza, mchana, tukiwa shambani tunakata alizeti, kwa sababu alisema nimependeza. Sikuweza kulibeba neno hilo.

Aliacha kukata, panga bado mkononi. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ni yule wa Singida?"

Kabla ya kuolewa nilijifunza ushonaji Singida mjini, na kulikuwa na kijana mmoja, na Elia alilijua hilo tangu siku za uchumba. Nikamwambia sijui. Nikamwambia twende tukapime wote, huenda ni mimi, huenda ni wewe, huenda hakuna haja ya kujua. Akasema yeye hana cha kupima. Jioni alifunga mzigo. Mama yake alimuuliza mbona anaondoka na asali haijauzwa, akajibu kuna mizinga imebaki wazi. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto akizaliwa nalo, usinitafute."

Alikuwa amekaa nyumbani siku moja.

Sijui nieleze vipi siku zilizofuata. Nilipigwa na butwaa, na butwaa lenyewe lilikuwa na uzito, nilishindwa hata kuinua mikono kufunga kitenge. Nililala kitandani nikiutazama ukuta. Nilimwambia mama mkwe ni mgongo. Kidonge sikumeza siku ya kwanza kwa kusahau. Siku ya pili nilikumbuka, nikafungua droo, nikalitazama kopo, nikaifunga. Nilikuwa najiuliza kwa nini nimlete mtoto kwenye nyumba ambayo baba yake amemwekea masharti. Siku ya tatu sikufungua hata droo. Simu ililia jioni, mama akasimama mlangoni, "Vero, watu wako wa vifurushi." Nikasema waache. Siku ya nne vilevile. Siku ya tano mtoto alicheza tumboni, teke moja kubwa kwenye mbavu, na mimi nikamwambia kwa sauti, "Tulia, hakuna unachokijia huku." Naomba mwanangu asije akasoma mstari huu kabla hajawa mtu mzima.

Siku ya sita asubuhi nilisikia pikipiki ikizima injini uani. Halafu sauti ya taratibu: "Hodi wenyewe. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu nesi," mama mkwe alijibu, na hakuuliza umefuata nini.

Tausi aliingia chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alisema amepata wasiwasi juu yangu. Nikadhani ni kwa sababu sikujibu ujumbe siku tano, na sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nilimwambia yote, nikilia mpaka kamasi, naye hakunikatisha. Nilipomaliza alisema, "Elia hayumo humu tumboni. Humu yumo mtu mmoja tu, na huyo hana simu ya kubonyeza. Fungua droo."

Nikafungua. Nikameza palepale, asubuhi, mbele yake. Alinieleza bila kunificha kwamba siku zile zilikuwa za hatari, mwezi wa nane si wa kuchezea, kwamba ningeenda Kiomboi hospitali kupimwa wingi wa virusi na ningejifungulia hukohuko, na mtoto atapewa dawa ya maji kwa muda mrefu kuliko watoto wengine. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba nilikuwa nimeinua mkono dhidi ya mtoto wangu. Si Elia. Mimi.

Akiondoka alisimama na mama mkwe uani. Niliwasikia dirishani. Alimpa maneno ambayo wanawapa bibi wote: mtoto akizaliwa, maziwa ya mama tu kwa miezi sita, si uji, si maji, si kitu kingine. Mama mkwe aliitikia mhm, mhm. Mimi nikajua ni bure. Ukoo wa Elia ni wa wafuga nyuki tangu babu wa babu, na kwao mtoto hajawa wao mpaka bibi, mama wa baba, amlambishe asali kwa kidole chake siku anayofikishwa nyumbani, mbele ya ndugu. Halafu ndipo uji mwepesi wa mtama, kidogokidogo, ili utumbo ufunguke. Elia alilambishwa, na dada zake wote. Nesi gani angeizuia hiyo?

Nilijifungua wakati wa baridi, wakulima wakipiga mtama. Binti, si mvulana. Alilia kabla hajatoka vizuri. Manesi wa Kiomboi walimdondoshea dawa mdomoni akiwa bado na utando kwenye nyusi, na mimi niliyafuata matone yale kwa macho mpaka yakaisha kwenye koo lake. Walinipa dawa ile niende nayo, na kijibomba kidogo cha kupimia.

Siku tuliyofika nyumbani uani kulikuwa na mikeka na shangazi yake Elia, mwanamke mwenye sauti, alikuwa tayari na bakuli la asali mapajani. Ndugu kama kumi hivi. Nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika. Nilikuwa nimetunga uongo njia nzima, kwamba daktari amekataza, kwamba mtoto ana kidonda cha mdomo, na uongo wote ulinitoka kichwani nilipoliona lile bakuli. Mama mkwe alinyoosha mikono. Huwezi kumnyima mama mkwe mtoto wa mwanawe mbele ya ukoo. Nikampa.

Alimweka kwenye mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachovya kidole kwenye asali, kidole chote hadi kifundo. Watu wakatulia. Akakiinua, kikining'inia juu ya mdomo wa mtoto uliokuwa umeshaanza kutafuta.

Akakiingiza kidole mdomoni mwake mwenyewe, akakilamba chote.

"Mama Elia!" shangazi alishangaa. "Mbona unakula wewe?"

"Nimemlambia," alisema. "Mtoto huyu ni wangu, mdomo wangu ni wake. Nimemwonjea, na asali yake ni nzuri. Anaitwa Esta."

"Desturi siyo hivyo!"

"Bibi ni nani hapa, mimi au wewe? Leteni chai."

Watu walicheka, chai ikaletwa. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooka mbele. Alipomrudisha mtoto kifuani pangu hakunitazama machoni. Nikajua anajua kitu. Ni kitu gani, na kiasi gani, sikuthubutu kuuliza, na yeye hakusema. Tuliishi hivyo. Asubuhi zote zilizofuata nilikikuta kile kijibomba cha dawa kimeoshwa kwa maji ya moto, kimefunikwa kwa kisahani safi. Niliwaambia watu ni vitamini. Mama mkwe alirudia mbele ya majirani, "Ni vitamini," uso mkavu kabisa.

Wiki ya sita walimchoma Esta kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi na karatasi ikapelekwa mbali. Nilikaa nikisubiri majibu kwa wiki nyingi kuliko nilizoahidiwa. Ndizo wiki ndefu kuliko zote. Nilimkagua kila alipolala: upele, joto, ulimi. Akikohoa mara moja nilisikia ardhi ikisogea. Nilizihesabu zile siku tano kila nilipomnyonyesha. Jioni simu ililia, nikabonyeza moja.

Majibu yalipofika Tausi aliniita ndani, na safari hii aliuacha mlango wazi. Sikuhitaji maneno. Nilikaa chini sakafuni, nikalia kwa nguvu mpaka wale wa kwenye benchi wakachungulia, na sikujali ni nani ameona nini.

Hayakuwa majibu ya mwisho. Kuna kipimo cha miezi tisa, na kingine kikubwa baada ya miezi kumi na minane akishaachishwa ziwa. Elia alirudi kabla ya kile cha tisa. Alisimama uani na ndoo zake, amekonda, akaomba amshike mtoto. Mama yake alikuwa amembeba Esta mgongoni. Hakumshusha.

"Nenda kapime kwanza," alimwambia. "Ukirudi ndipo utamshika."

"Mama, kupima nini?"

"Wewe unajua. Mimi sijasoma."

Alikwenda. Majibu yake ni yake, sitayaandika hapa. Alirudi jioni akiwa ametembea kwa miguu njia yote, akanipigia magoti jikoni, jambo ambalo sijawahi kuliona mwanaume wa kwetu akilifanya. Nilimwambia ainuke, moshi utamuumiza macho. Kusamehe ni kazi ninayoifanya polepole, siku nyingine naiacha kabisa.

Kipimo cha mwisho kiliangukia msimu wa kupanda. Esta alikwenda kliniki kwa miguu yake, akinivuta kidole. Tausi alisoma karatasi, akaigeuza nione mwenyewe. Hana. Imekwisha, hana. Tulikumbatiana, nesi na mimi, Esta akitukanyaga viatu.

Alipokuwa anajaza daftari alisema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Unajua nini kiliniogopesha kwako? Karibu miaka miwili, jioni zote, moja, moja, moja. Nikawa najiuliza huyu mama hana siku mbaya? Nilishukuru Mungu siku ile moja ulipobonyeza mbili. Nilipiga, simu haipatikani, asubuhi nikachukua pikipiki."

"Sikubonyeza mbili," nilisema.

"Ulibonyeza. Jioni ya kuamkia siku niliyokuja."

"Nesi, jioni hizo sikuishika simu."

Alifungua kumbukumbu zake akanionyesha, na ilikuwepo, mbili peke yake baada ya jioni chache tupu, katikati ya msururu wa moja. Niliondoka bila kuaga vizuri, nimembeba Esta, natembea kama ninayefukuzwa.

Mama mkwe alikuwa uani anapeta mbegu za uwele. Niliketi mbele yake, nikamwamkia, nikauliza moja kwa moja.

"Mama, kuna jioni nilikuwa nimelala, Elia ameondoka. Nani alibonyeza simu?"

Hakuacha kupeta. "Mimi."

"Lakini hujui kusoma."

"Namba nazijua." Akapuliza makapi. "Miezi yote ile nilikuwa nakuona. Simu inalia, unaichukua, macho yamekuvimba kwa kulia, unajifuta, unabonyeza moja. Siku umecheka, moja. Siku umetapika, moja. Nikajua hiyo moja ni ya kudanganya. Jioni ile nikabonyeza inayofuata."

Nikamuuliza kama alijua ujumbe ule unatoka kwa nani, kama alijua ugonjwa. Ndipo aliposimamisha ungo.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Esta. Miaka ile hakuna dawa. Kila tulipomuuliza alisema hajambo. Hajambo, hajambo, mpaka tukamzika. Mtu akificha kopo kwenye cherehani na kulifunga vitambaa lisilie, mimi nimwulize nini? Nilisubiri uniambie."

"Sikukuambia."

"Hukuniambia," alikubali, na nilisikia kwamba ilimuuma.

Nikamwambia pale, kwa jina lake lote, ugonjwa, dawa, zile siku tano, na majibu ya leo. Kwenye majibu aliweka ungo chini, akamvuta Esta kifuani, akasema maneno mengi ya Kinyiramba haraka haraka ambayo mengine hata mimi sikuyashika.

Saa moja ikafika tukiwa bado palepale. Simu ikalia. Akaitoa kwenye pindo la kanga, akaninyooshea kama siku zote.

"Vero, nisomee."

Nikamsomea. Neno kwa neno, kwa mara ya kwanza, kama lilivyoandikwa. Habari ya jioni mama. Leo ukoje? Bonyeza moja kama hujambo. Bonyeza mbili kama una shida.

"Kumbe ndivyo wanavyouliza," alisema. "Watu wazuri hawa."

Nikabonyeza moja. Hakuitazama simu. Alinitazama mimi usoni, muda mrefu, kisha akainua ungo wake akaendelea kupeta.